Tangi Halijirudishii Maji Lenyewe

Kila yanapozungumzwa mambo ya turbini za kujitengenezea katika mji kama Niania, ambako barabara ya Kisangani na Bunia hukutana na ile ya Isiro na mafuta ya jenereta hutoka mbali, huulizwa swali lilelile: je, haiwezekani maji ya tangi lililoinuliwa yashuke na kuzungusha turbini, turbini itoe umeme, nao umeme uendeshe pampu ya kuyarudisha maji hayo tangini, ili mtambo ujiendeshe daima bila mto wala mafuta? Haiwezekani, na swali hili limekwisha kuwagharimu watu wengi saruji, mabomba na miezi ya kazi.

Maji yaliyo juu hayana nguvu nyingine isipokuwa ile iliyotumika kuyapandisha. Mtoni kazi hiyo imefanywa na jua, ambalo huvukiza maji ya bahari na ya misitu hadi yakanyesha milimani. Tangini lazima ifanywe na mtu au mashine. Lita 1,000 zilizopandishwa kwenye mnara wa mita 5 zina takriban wati-saa 14, yaani kazi ya wati 14 kwa muda wa saa moja, kiasi ambacho hakitoshi kujaza betri ya simu nyingi za leo. Turbini ya kienyeji iliyotengenezwa vizuri huokoa kama nusu ya hizo, na hivyo tani nzima ya maji huwasha balbu ya wati 5 kwa muda usiofika saa moja na nusu.

Ikiwa umeme huo utapelekwa kwenye pampu ambayo nayo, pamoja na mota yake, hupoteza nusu, kinachobaki ni robo. Katika mzunguko wa kwanza, kati ya lita 1,000 zitarudi 250. Katika wa pili zitarudi 62. Katika wa tatu hazitafika 16. Kuongeza gia hakusaidii, kwa sababu gia hubadilisha mwendo kuwa nguvu ya kusukuma, au kinyume chake, bila kuongeza kazi. Kubana mdomo wa bomba pia hakusaidii, kwa sababu maji yaliyoanguka mita 5 hayawezi kutoka kwa kasi inayozidi mita 10 hivi kwa sekunde, hata mdomo ubanwe namna gani. Video zinazosambazwa simuni, zikionyesha mtambo wa aina hiyo ukiwaka siku nzima, zina betri au waya uliofichwa. Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua tangu mwaka 1775 kutochunguza tena mashine zinazodaiwa kujiendesha milele, na hakuna lililobadilika tangu wakati huo.

Wanaotaja kituo cha Drakensberg cha Afrika Kusini, ambacho kweli hupandisha maji na kuyashusha tena, husahau kwamba hupandishwa kwa umeme wa vituo vingine wakati watumiaji ni wachache, na kwamba hurudisha takriban robo tatu tu ya umeme uliotumika. Budana, kwenye mto Shari karibu na Bunia, kituo kilichojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, huendeshwa na mto unaopita, na maji yakishatoka kwenye turbini huenda zake.

Pampu inayoweza kupandisha maji bila mafuta wala umeme ipo, nayo ni belie, iliyobuniwa Ufaransa na Joseph Montgolfier mwaka 1796. Maji yanayoshuka katika bomba hushika kasi hadi vali ya kutupia, yaani mlango mdogo unaoyamwaga nje, ijifunge ghafla. Kishindo chake hufungua vali ya pili na kusukuma maji kidogo kwenye chupa ya hewa, ambayo huyabana na kuyapandisha. Kijito chenye lita 60 kwa dakika na mwanguko wa mita 2 kinaweza kupandisha zaidi ya lita 5,000 kwa siku hadi mita 20 juu, na maji mengine yote, yaliyolipa gharama ya kazi hiyo, hurudi kijitoni. Bomba la kushushia liwe la chuma, kwa kuwa la plastiki hutanuka na kumeza kishindo.

Anayetaka umeme azidishe lita kwa sekunde kwa mita za mwanguko, kisha kwa 5, apate wati za kutarajia: lita 20 zikianguka mita 2 hutoa wati 200 usiku na mchana. Wingi wa maji hupimwa kwa ndoo na saa, na mwanguko kwa mpira mwangavu uliojaa maji, tena mwezi wa Januari au Februari, maji yanapopungua. Penye mwanguko mdogo pafungwe turbini ya pangaboi, penye mkubwa pafungwe ya vikombe. Alternata ya gari ipewe puli na mkanda wa kuongeza mizunguko. Wavu uzuie majani. Waya za volti 220 zifungwe na fundi. Maji ya belie yachemshwe kabla ya kunywewa. Na ndani ya Hifadhi ya Okapi ruhusa iombwe kwanza. Anayeuza tangi linalojirudishia maji atakiwe kuliendesha siku tatu hadharani, bila betri wala waya wa nje, kabla ya kupokea hata faranga moja.