Sumu iliyojaribiwa Zululand yageuka tiba ya ngamia

Mwaka 1895 ilichapwa mjini Durban ripoti ya David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, kuhusu nagana, maradhi yaliyokuwa yakiangamiza ng'ombe na farasi wa Zululand. Ripoti hiyo haikuwahusu ngamia. Hata hivyo, njia aliyoijaribu Bruce iliwafikia ngamia wa Afrika Mashariki baada ya takriban miaka 100.

Bruce alipelekwa Natal mwaka 1894. Yeye na mkewe Mary walipiga kambi Ubombo, kaskazini mwa Durban. Kwa kutumia hadubini aliona kimelea katika damu ya ng'ombe wagonjwa, kisha akathibitisha kuwa kinaenezwa na mbung'o. Alijaribu pia kuwatibu wanyama kwa aseniki. Sumu hiyo ilirefusha maisha yao, lakini haikuwaponya.

Mwaka 1903 Bruce alikuwa Uganda, ambako alisaidia kuonyesha kwamba mbung'o hueneza pia malale kwa binadamu. Alifariki dunia mwaka 1931.

Ugonjwa wa jangwani

Kimelea cha nagana kina ndugu yake. Mwaka 1880, daktari wa mifugo Griffith Evans alikigundua nchini India katika damu ya farasi na ngamia. Ugonjwa wake huitwa surra. Huo hauhitaji mbung'o. Huenezwa na nzi wengine wakubwa wanaouma, na ndiyo maana hufika hata nyikani. Ngamia hukonda, nundu hupungua, mimba huharibika na maziwa hukauka. Kwa jamaa ya Wajir au Marsabit inayotegemea maziwa hayo, hasara hiyo ni njaa.

Dawa ya ng'ombe si ya ngamia

Diminazini, dawa inayotumika sana kwa ng'ombe, ni sumu kwa ngamia na yaweza kumwua. Suramini, iliyovumbuliwa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, iliwatibu ngamia kwa miongo mingi, lakini nchini Sudan vimelea vilianza kuistahimili.

Suluhisho lilitoka kwenye aseniki ileile, ikiwa imefungwa ndani ya kemikali nyingine ili kuipunguza ukali. Mwanasayansi wa Uswisi, Ernst Friedheim, alitumia mbinu hiyo kupata melasoprolo, dawa ya malale, mwaka 1949. Kutoka ukoo huo ikapatikana melasomini, iitwayo Cymelarsan, iliyojaribiwa kwa ngamia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kipimo chake ni robo miligramu tu kwa kila kilo ya uzito. Ngamia wa kilo 400 huhitaji miligramu 100.

Udogo huo wa kipimo ndio unaotaka uangalifu. Mfugaji akikadiria uzito vibaya, au akigawa dawa ya ngamia mmoja kwa wawili ili kuokoa fedha, vimelea vinavyosalia hujifunza kuihimili. Dawa zinazomfaa ngamia ni chache mno, na kuipoteza moja kutamwacha mfugaji karibu mikono mitupu.