Chuo Kikuu cha Juba na Mfuko wa Taifa: Askari Anahusikaje?

Abiria anayeshuka Custom, mjini Juba, hana mwendo mrefu kufika Chuo Kikuu cha Juba. Kwa wengi wetu tuvaao sare, chuo hicho husikika zaidi siku za matatizo: wahadhiri wamegoma, wanafunzi wanalalamikia karo, polisi wanatakiwa wakae tayari. Ni nadra kuulizana kwa nini matatizo hayo hurudi. Yafaa tuulize, kwani chanzo chake ndicho hicho kinachochelewesha mshahara wa askari.

Chuo hicho ni tunda la amani. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulisimamisha vita vya kwanza vya Sudan, na mwaka 1975 chuo kikaanzishwa ili Kusini ipate wataalamu wake yenyewe. Vita viliporudi, chuo kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989, kikakaa uhamishoni zaidi ya miaka 20. Kilirejea nyumbani wakati wa uhuru wa mwaka 2011, lakini wahadhiri wengi wa Kaskazini hawakurejea nacho.

Taifa jipya lilianza na vyuo vikuu vya umma vitano: Juba, Malakal, Wau, Rumbek na Bor. Vyote vilitegemea Hazina moja, na Hazina ilitegemea mafuta kwa kiasi cha asilimia 98 ya mapato yake. Januari 1912 ya watu wengine haikujua balaa hii. Januari 2012 ya Sudan Kusini iliijua, kwani uchimbaji ulisimamishwa kwa sababu ya mgogoro na Sudan juu ya malipo ya bomba. Mafuta yalianza kutoka tena Aprili 2013. Desemba mwaka huo huo vita vikazuka, na Chuo Kikuu cha Upper Nile kikalazimika kuhama Malakal na kufundishia Juba.

Hapana budi tufahamu kwamba bajeti hupunguzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: fungu hukatwa kitabuni. Ya pili ni ya kimyakimya: fungu hubaki kitabuni kama lilivyopitishwa, lakini fedha hazitoki kwa wakati, au hutoka zikiwa zimekwisha poteza thamani. Tuchukue mfano wa mhadhiri aliyekuwa akilipwa paundi 3,000 kwa mwezi. Kabla ya Desemba 2015, dola moja ilinunuliwa rasmi kwa paundi 3 hivi. Mshahara wake ulikuwa sawa na dola 1,000. Serikali ilipoiachia sarafu ielee, dola ikafikia paundi 18 na nusu. Mshahara ule ule ukawa dola 162. Hakuna aliyeukata, lakini ulikatika. Mwaka uliofuata wahadhiri waligoma.

Askari anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Februari 2024 bomba la mafuta lilipasuka ndani ya Sudan kwa sababu ya vita vya huko, na watumishi wa umma, askari wakiwamo, wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mhadhiri na koplo walisimama kwenye foleni moja.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilishauri kwamba shule za msingi zina faida kubwa kwa taifa kuliko vyuo vikuu. Katika miaka ya 1990 Kenya, Uganda na Tanzania zikaanza kuwachangisha wanafunzi. Karo iliongeza mapato, lakini haikumaliza deni. Novemba 2016 Makerere ilifungwa kwa amri ya Rais baada ya wahadhiri kugomea malimbikizo ya posho, ikafunguliwa mwaka uliofuata.

Hapo ndipo polisi huitwa. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Polisi waliwazuia, na zaidi ya 300 walifukuzwa chuoni. Barabara ilitulia siku ile, lakini swali la mgawanyo wa fedha za umma halikujibiwa kwa rungu. Polisi anaweza kulinda lango la chuo. Hawezi kulipa wanaofundisha ndani yake.

Wako watakaosema kuwa usalama hutangulia elimu. Ni kweli kwamba chuo hakisomeshi chini ya mizinga. Malakal ni ushahidi. Lakini daktari anayemtoa askari risasi, mhandisi wa daraja na mwanasheria wa mahakama ya kijeshi hawaoti msituni. Ulinzi umekuwa miongoni mwa mafungu makubwa ya bajeti ya Sudan Kusini, na fungu hilo lenyewe halijamhakikishia askari mshahara wake. Likikua kwa kula fungu la chuo, jeshi linakula mbegu yake.

Ndugu askari, wajibu wetu ni wa kawaida. Tuwe na subira na nidhamu mbele ya wanafunzi, kwa kuwa wengi ni watoto wa wenye sare. Tuhesabu kwa uaminifu majina ya vikosi vyetu, maana kila jina hewa hubeba mshahara wa mtu halisi. Na bajeti inaposomwa, tusiulize la ulinzi peke yake; tuulize pia la chuo, na kama fedha zake zimetoka.