Maradhi ya Motokaa Kuukuu: Ni Umeme au Giaboksi?

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za motokaa iliyokwisha kwenda mwendo mrefu, yaani kilometa 200,000 na zaidi. Motokaa za namna hii ni nyingi katika nchi zetu, maana wengi wetu hatuwezi kununua mpya, bali hununua zile zilizokwisha kutumika Japani. Ukuukuu si ubovu. Lakini mwenye motokaa kuukuu hana budi kujua kupambanua ugonjwa wa umeme na ugonjwa wa giaboksi, kwa kuwa kosa hilo moja laweza kummalizia mali yake.

Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe. Jirani yangu alikuwa na motokaa ambayo giaboksi yake hubadilisha gia yenyewe. Siku moja taa ya onyo iliwaka, na motokaa ikashika gia ya tatu, isipande wala kushuka. Fundi mmoja akamwambia kuwa giaboksi imekufa, anunue nyingine. Jirani akaazimu kuuza ng'ombe wawili. Kabla hajawauza, fundi mwingine, mtu mzima asiye na haraka, alipima umeme kwanza. Akakuta waya wa ethi, yaani ule utokao upande wa hasi wa betri kwenda kwenye injini, umeliwa na kutu hata zimebaki nyuzi chache tu. Waya ukabadilishwa, na gia zikafanya kazi kama desturi. Ng'ombe wakabaki zizini.

Je, waya wa betri wahusianaje na gia? Ndani ya giaboksi ya namna hiyo mna vali ndogo zifunguliwazo na kufungwa kwa umeme, nazo huamriwa na kompyuta. Vali hizo ndizo zielekezazo mafuta yenye msukumo kwenye klachi zilizomo ndani. Umeme ukipungua au ukikatikakatika, kompyuta hupokea habari za uongo, au vali hazitii amri. Hapo kompyuta huacha kubadilisha gia, ikabakiza moja tu, mara nyingi ya pili au ya tatu, ili dereva afike nyumbani pasipo kuiharibu giaboksi. Basi kukwama huko si lazima kuwe kifo. Huenda kukawa tahadhari tu.

Kwa hiyo anza na betri. Chukua mita ya volti, ambayo bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya giaboksi. Motokaa ikiisha kupumzika usiku kucha, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2, imebakiwa na nusu ya nguvu zake. Piga stata: isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiwaka, soma tena: kwa motokaa nyingi yapasa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki palepale kwenye 12, basi alteneta, mkanda wake au nyaya zake zina ila. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Mita ikizidi nusu ya volti, waya wa ethi au viungo vyake havifai.

Umeme ukiwa mzima, fundi na aunganishe kifaa cha kusomea makosa, chini ya usukani. Namba zote ziandikwe kwanza, ndipo zifutwe. Namba haisemi ni kitu gani kinunuliwe. Huonyesha tu mahali pa kuanza kutafuta.

Giaboksi iliyo mgonjwa kweli ina dalili zake. Tazama mafuta yake kwa kijiti cha kupimia, kama kipo, ukifuata kitabu cha motokaa yako. Maana nyingine hupimwa injini ikiwaka, na nyingine ikiwa imezimwa. Mafuta mema mara nyingi huwa mekundu na maangavu. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, au yana vipande vya chuma, mambo ya ndani yanakwisha. Tena, injini ikinguruma bali mwendo hauongezeki, au ukitia gia motokaa ikachelewa zaidi ya sekunde mbili kushika, shaka ni ya giaboksi. Hata hapo hakikisha kwanza kuwa mafuta hayakupungua, kwa sababu upungufu wake huleta dalili zizo hizo.

Yako mambo mawili ya kuepukwa kabisa. La kwanza, usimruhusu mtu kung'oa waya wa betri injini ikiwaka, ati apate kujaribu alteneta. Umeme waweza kuruka ghafula na kuichoma kompyuta. La pili, fyuzi ikikatika, usitie kubwa kuliko ile wala kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Ukiizuia, motokaa yaweza kuwaka moto.

Na wewe unayekwenda kununua, omba uikute injini ikiwa baridi, kwa kuwa joto huficha mengi. Fungua ufunguo uone kama taa ya onyo ya injini inawaka, kisha inazimika injini iwakapo. Taa isiyowaka kabisa isikufurahishe, huenda imeng'olewa.

Tabibu mwema humpima mgonjwa kabla ya kushika kisu. Nasi tupime kabla ya kununua, tukianza na kilicho rahisi na cha bei ndogo. Kwaherini, na safari njema.