BASTOLA KUBWA SI ULINZI MKUBWA

Hapa Buswelu, yalipo makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, wanaishi wafanyabiashara wengi wenye nyumba zao bara na shughuli zao visiwani. Wananunua sangara, dagaa na mabondo huko Ukerewe, Ukara na Kome, na mara nyingi huvuka maji wakiwa na fedha nyingi mkononi. Mmoja wao alitujia hivi karibuni na kutueleza kwamba anakusudia kuomba leseni ya bastola. Hakutaka bastola yoyote tu. Alitaka ile kubwa iitwayo Magnum, aliyoiona katika sinema. "Mzee," alituuliza, "nikiwa na hiyo, nani atanisogelea?"

Swali hilo halikuulizwa kwa majivuno, bali kwa hofu. Wanyang'anyi wa ziwani si hadithi. Wavuvi wamenyang'anywa injini na nyavu, na wengine wamepoteza maisha. Kwa hiyo ndugu yetu huyu anastahili jibu, wala hastahili kukejeliwa.

Kwanza tuielewe silaha yenyewe. Bastola ya .44 Magnum ni ya aina ya rivolva, yaani yenye silinda inayozunguka na kwa kawaida kubeba risasi 6. Ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 na kampuni ya Smith & Wesson, baada ya mwindaji na mwandishi Elmer Keith kushikilia kwa muda mrefu kwamba bastola iweze kuua mnyama mkubwa. Sinema ya Dirty Harry ya mwaka 1971 ndiyo iliyoitangaza duniani kote. Yenye mtutu mrefu hukaribia au kupita kilo moja na robo. Risasi yake ina uzito wa gramu 15 hivi, nayo huruka zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya nguvu ya bastola za kawaida za milimita 9.

Silaha hiyo basi ni ya mwindaji porini. Je, inamfaa mtu aliye ndani ya mtumbwi? Mtumbwi huyumba, na hata askari aliyefundishwa hupata taabu kulenga. Bastola hii nayo hurudi nyuma kwa kishindo kikubwa, mkono ukainuka, na risasi ya pili ikachelewa. Inayompata adui yaweza kupita mwilini mwake na kumpata abiria asiye na hatia, au kutoboa ubao wa chombo. Nyumbani hali si nafuu: ukuta wa udongo au wa mabati hauizuii, na nyuma ya ukuta huo wamelala watoto wa jirani. Tena majambazi hawaji mmoja mmoja wala mchana. Wakishapata habari kwamba fulani ana bastola, bastola hiyo yenyewe huwa mali ya kutafutwa.

Kwa yule ambaye, baada ya kuyapima hayo yote, bado anaona anahitaji silaha, tunasema: aanze na sheria, si na duka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu, na athibitishwe kwamba anaijua silaha. Maombi huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji, hupita katika kamati za ulinzi na usalama, na kufika Polisi. Anayenunua kwa njia ya uchochoro hanunui ulinzi, ananunua kifungo.

Akishapata kibali, aikague silaha kama fundi anavyokagua injini kabla ya kuifunga chomboni. Ahakikishe kwanza kwamba haina risasi. Atazame kama namba iliyochongwa juu yake ni ile ile iliyo katika karatasi. Atazame kama silinda inajifunga sawasawa na mtutu bila kuchezacheza, na kama ndani ya mtutu hamna kutu wala uvimbe. Aishike, aone kama kidole chake kinafikia kifyatulio bila kunyoosha mkono kupita kiasi. Aulize risasi zitapatikana wapi na kwa bei gani, maana silaha isiyofanyiwa mazoezi ni mzigo. Akumbuke pia kwamba unyevu wa ziwa hauchelewi kula chuma. Tuna hakika kwamba wengi watakaoyafuata maswali haya kwa uaminifu wataiacha Magnum mahali walipoikuta.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema maana ya neno amana. Silaha ni amana. Mwenye kuichukua atajibu juu ya kila risasi, na juu ya kila mkono ulioigusa kwa uzembe wake.

Lakini haitoshi kumwonya mwananchi na kumwacha na hofu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe waliunda Sungusungu. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na nguvu yao ilikuwa yowe lililoitikiwa na kijiji kizima. Yalitokea makosa na watu wengine walionewa. Ndiyo maana ilibidi ulinzi huo uwekwe chini ya sheria. Hata hivyo fundisho limebaki: mwizi huogopa zaidi watu mia walioamka kuliko mtu mmoja mwenye bastola.

Viongozi wetu wana wajibu tatu. Doria za majini zionekane katika njia za visiwani usiku, si mchana peke yake. Vikundi vya ulinzi vya mialo vipewe mafunzo, mawasiliano na usimamizi. Na maombi ya leseni yajibiwe kwa haki na kwa wakati, kwani mwombaji anayezungushwa miezi na miezi hushawishika kuufuata uchochoro. Wafanyabiashara nao watumie benki na simu kulipana, na wasafiri kwa pamoja, ili fedha taslimu isiwe chambo.

Ndugu yetu wa Buswelu tulimjibu hivi: atakusogelea yule yule aliyekusogelea jana, ila safari hii atakuja kuitafuta bastola. Njia ya kumzuia ni kuhakikisha kwamba akija, hakukuti peke yako.