Kalkuleta ilikaa kwa droo: CHAN na kicheko cha shabiki wa Stars

Shabiki wa Harambee Stars ana vifaa viwili: jezi na kalkuleta. Jezi ni ya mechi ya kwanza. Kalkuleta hutoka mechi ya mwisho, ikifika ile hesabu ya huyu amfunge yule matatu, sisi tutoke sare, na refa awe na roho safi.

Si utani wa bure. Tumecheza AFCON mara 6 bila kuvuka makundi, na Kombe la Dunia hatujawahi kufika. Timu kama hiyo hukufundisha kutumaini kwa siri na kujicheka kabla jirani hajakucheka. Kombe la Dunia likianza tunaazima timu: leo Ghana, kesho Senegal. Lakini wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ndipo CHAN ikaja nyumbani Agosti 2025, Kenya tukiiandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Kundi letu lilikuwa na Morocco, DR Congo, Zambia na Angola. Wawili wa kwanza hapo, kila mmoja alikuwa ameshabeba kombe hilo mara mbili. Sisi ndio kwanza tunashiriki. Mtaani watu walishafunga virago, shida ikawa moja tu: mwenye nyumba akitolewa, anaenda wapi? Wengine wangepanda ndege, sisi tungepanda matatu za Thika Road.

Halafu Austin Odhiambo akaifunga DR Congo, 1-0. Tukatoka sare 1-1 na Angola. Morocco nao wakalala 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, licha ya sisi kucheza kipindi chote cha pili tukiwa 10. Zambia, 1-0 tena. Pointi 10, kileleni, kalkuleta ndani ya droo.

Rais Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji Sh1 milioni kwa kila ushindi. Ghafla kila msee aliyewahi kupiga danadana akiwa darasa la sita akaanza kukumbuka namba aliyocheza.

Robo fainali ikatuletea Madagascar. Wiki nzima ni vichekesho vya wanyama wa ile katuni. Agosti 22, Alphonce Omija akatuweka mbele kwa kichwa, wakasawazisha kwa penalti, na baada ya dakika 120 tukalala 4-3 kwa matuta. Katuni zikaturudia sisi.

Lakini sikiza watu walivyolia. Hakuna cha "si nilisema". Walibishana kuhusu matuta na mabadiliko ya kocha Benni McCarthy, kama mtu aliyeibiwa kitu chake mwenyewe. Hata Morocco walipoichapa Madagascar 3-2 kwenye fainali pale Kasarani, hesabu ikatoka haraka: bingwa tulimfunga, kwa hivyo bingwa ni sisi.

Sasa, CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani pekee. Odhiambo na Omija walitoka Gor Mahia, Ogam alitoka Tusker. Hao tuliowaimba Kasarani ndio walikuwa wakichezea ligi yetu mbele ya viti vitupu wikendi, sisi tukiwa tumekodolea macho Arsenal. CAF imezipa nchi hizi tatu AFCON 2027. Ukitaka kucheka tena ukiwa juu, anza na tiketi ya ligi, bana. Utani tutautunga tukiwa huko jukwaani.