Subira yetu kwa wauza chakula wakati wa dhiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wengi wetu hatujausahau mfungo wa Ramadhani wa mwaka 1441 Hijria, uliosadifu Aprili na Mei 2020. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na kafyu ilianza saa moja ya usiku. Hapa Mombasa, miezi hiyo jua hutua yapata saa kumi na mbili na robo. Basi mwenye mkahawa aliyezoea kuuza futari na daku hadi usiku mkuu alibakiwa na muda usiotimia saa moja. Kisha Mei 6 Mji wa Kale ukazuiwa, watu wasiingie wala wasitoke, na mikahawa iliyomo ikaamrishwa kufunga. Hali hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa Juni.

Mkahawa mmoja ukifungwa, hukosa riziki mpishi, kijana wa kuandaa meza, mama akandaye unga wa mahamri tangu alfajiri, na mvuvi aliyewauzia samaki. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini mwaka 2022 bei ya mafuta ya kupikia na unga wa ngano ikapanda. Aliyefungua tena kwa mkopo akajikuta katika dhiki nyingine.

Siku moja katika kipindi hicho tuliketi katika mkahawa mdogo kunywa chai. Mteja mmoja alimkemea kijana mbele ya watu kwa kuwa mbaazi zimechelewa na mahamri yamekuwa madogo. Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa akihudumu meza zote peke yake, kwani wenzake wawili walikwisha kuachishwa kazi. Nasi, tuseme kweli, tulinyamaza. Jambo hilo lingali linatuuma.

Kwani tunayajua mafundisho. Abu Huraira (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Na katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) anasimulia kuwa Mtume aliomba kitoweo kwa ahali zake, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiitisha, akaila huku akiisifu. Tazameni adabu hiyo: jiko halikuwa na kitu, na waliopika hawakuvunjwa moyo.

Jambo la pili ni deni. Katika Suratul Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu anatuamuru kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye nyumba anayemdai mpangaji wake kodi ya mkahawa na aizingatie aya hiyo. Lakini wako pia wateja walioandikwa katika daftari la mkahawa, wala si mafukara. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye uwezo kuchelewesha malipo ni dhuluma. Si haki mtu kula pilau kwa mkopo, kisha akapita njia ya nyuma asionekane na aliyempikia.

Hatusemi kwamba mwenye mkahawa asiambiwe kosa lake. Aambiwe, lakini faraghani na kwa upole. Wala dhiki haimhalalishii kuuza chakula kilicholala kama kipya. Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta ubichi ndani, alimkemea muuzaji, akasema kuwa aghushiye si katika yeye. Subira ni ya mnunuzi, na uaminifu ni wa muuzaji. Kimoja kikikosekana, kingine huchoka.

Basi wazazi, tuanze na nyumba zetu. Tulipe leo tunachodaiwa. Tukiwa na walima au futari ya mayatima, tumwagizie jirani anayehangaika. Na tuwafunze watoto wetu kumshukuru anayewaletea sahani, kwa sababu wanatutazama sisi tunavyosema naye.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku ulimi mwema na mkono mwepesi wa kulipa, na awafungulie milango ya riziki wote waliofungiwa. Amin.