Kutoka Sangailu hadi Kiunga: Anayopaswa kujua mgeni kabla ya kuwekeza katika kijiji cha wavuvi

WADI ya Sangailu, katika eneobunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, ni makao ya wafugaji. Utajiri wa wakazi wake huhesabiwa kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na mazungumzo ya kila siku huwa ni juu ya mvua, malisho na visima. Hata hivyo, kusini-mashariki mwa wadi hiyo, baada ya msitu wa Boni, ardhi hukoma ghafla na bahari ya Hindi huanza. Hapo ndipo kilipo kijiji cha Kiunga, katika Kaunti ya Lamu, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia.

Kiunga ni miongoni mwa vijiji vya wavuvi vilivyo mbali zaidi katika pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi kimewavutia wageni wanaotafuta ufuo usio na hoteli, pamoja na wafanyabiashara wanaoamini kwamba ardhi na samaki wa huko ni mali ambayo bado haijaguswa. Imani hiyo ina ukweli kiasi, lakini imewahi kuwapotosha wengi.

Wenyeji wa Kiunga na vijiji jirani vya Ishakani, Mkokoni na Kiwayu ni Wabajuni, wanaozungumza Kitikuu, lahaja ya Kiswahili. Ndani ya msitu wanaishi Waaweer, wanaojulikana pia kama Waboni, ambao kwa asili ni wawindaji na warina asali. Upande wa Ijara ni Wasomali wafugaji. Jamii hizi zimekuwa zikibadilishana bidhaa na kuoleana tangu kabla ya mipaka ya wilaya na kaunti kuchorwa.

Bahari ya huko ililindwa kisheria mwaka wa 1979 ilipotangazwa Hifadhi ya Kitaifa ya Bahari ya Kiunga, yenye visiwa vidogo zaidi ya 50, miamba ya matumbawe, mikoko na nyasi za baharini. Kasa hutaga mayai katika fuo zake, na nguva, ambaye sasa ni nadra mno nchini, amewahi kuonekana huko. Nchi kavu kuna hifadhi za Boni na Dodori, zilizotangazwa mwaka wa 1976. Huko Ijara, hifadhi ya jamii ya Ishaqbini ilizungushia uzio makao ya hirola mwaka wa 2012, ili kumwokoa swara huyo ambaye idadi yake imeshuka hadi mia chache tu duniani.

Ni muhimu kuelewa kwamba hifadhi ya bahari ya aina hii haimfukuzi mvuvi. Uvuvi wa kiasili unaruhusiwa, ila zana haribifu kama juya na bunduki za mikuki zimepigwa marufuku. Kwa hivyo, mwekezaji anayekuja na mpango wa kujenga ufuoni au kuvua kwa wingi hukuta tayari kuna watumiaji wenye haki, wasimamizi wa KWS, na kamati ya wavuvi wa kijiji inayotambuliwa na sheria.

Kalenda ya Kiunga hutawaliwa na pepo mbili. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na wavuvi hufika mbali. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili, mawimbi huwa makubwa na mashua nyingi hupandishwa pwani. Mgeni anayefika Januari na kuona samaki tele, kisha akapiga hesabu ya mwaka mzima kwa alichokiona siku hiyo, hukosea tangu mwanzo.

Kamba wa mwambani ndio mali yenye thamani kuu. Huuzwa wakiwa hai kwa ajili ya hoteli na masoko ya nje. Lakini bei anayopata mpiga mbizi wa Kiunga ni ndogo ikilinganishwa na ile ya mezani Mombasa. Sababu si uvivu wala ujinga wa mvuvi. Sababu ni umbali, uhaba wa barafu na deni. Mara nyingi mvuvi hukopeshwa nyavu, mashine au mafuta na mnunuzi, ambaye wavuvi humwita tajiri, naye hulazimika kumuuzia yeye peke yake kwa bei ambayo tajiri huyo ameipanga.

Kutokana na hali hiyo, uwekezaji wenye manufaa zaidi huenda usiwe hoteli ya kifahari. Mtambo wa barafu unaotumia nguvu za jua, chumba cha baridi kinachomilikiwa na chama cha wavuvi, au mkopo wa zana usiomfunga mvuvi kwa mnunuzi mmoja, vinaweza kubadili maisha ya kijiji kuliko vyumba vya kulala wageni ambao hawaji.

Na wageni hawaji kwa sababu inayojulikana. Mnamo Septemba 2011, watu wenye silaha walivamia hoteli ya kitalii huko Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka nyara mkewe, aliyeachiliwa Machi 2012. Mnamo Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Mauaji ya Mpeketoni yalifuata Juni 2014, na mwaka wa 2015 serikali ikaanzisha operesheni ya usalama katika msitu wa Boni. Barabara zinazopita Ijara na Lamu Mashariki zimewahi kutegwa vilipuzi, na vilipuzi hivyo vimewaua maafisa wa usalama na raia.

Gharama ya hali hiyo imemwangukia mwenyeji. Kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku, wakati ambapo baadhi ya samaki hupatikana kwa urahisi. Shule na zahanati za vijiji vya Waaweer zilifungwa. Kwa hivyo, mgeni yeyote hana budi kuwasiliana na wakuu wa usalama na machifu kabla ya kuondoka Lamu au Garissa, kuzingatia maonyo ya serikali, na kuahirisha safari akishauriwa hivyo.

Suala la pili ni ardhi. Wakati wa vita vya shifta, kuanzia mwaka wa 1963, Wabajuni wengi walihama vijiji vya bara na kukimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi, na mashamba yao yakaota vichaka. Kwa mnunuzi asiyejua historia, kichaka hicho huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Julai 2014, serikali ilitangaza kutwaa ekari zipatazo 500,000 katika Kaunti ya Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 kwa njia isiyo halali. Waliodhani wamepata hati walijikuta mikono mitupu.

Sheria sasa iko wazi zaidi. Katiba ya mwaka wa 2010 inamruhusu mgeni asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki daima. Sehemu ya ufuo inayofunikwa na maji kujaa na kupwa ni mali ya umma. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii husika katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Saini ya mzee mmoja, hata akiwa mwenye heshima, haitoshi.

Aidha, mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, umeleta matumaini na hofu kwa pamoja. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya kuunganisha Lamu, Ijara na Garissa ni sehemu ya mpango huo. Barabara nzuri itamwezesha mfugaji wa Sangailu kufikisha ng'ombe bandarini na samaki wa Lamu kufika Garissa wakiwa wabichi. Lakini pia hupandisha bei ya ardhi na kuwaleta walanguzi. Mwaka wa 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, ishara kwamba haki ya kuvua ina thamani inayoweza kupimwa.

Mgeni anayefika salama hupokewa vyema. Anatarajiwa kuvaa kwa staha, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, kuheshimu nyakati za swala na mwezi wa Ramadhani, na kujitambulisha kwa wazee kabla ya kuzungumzia biashara. Anayeanza kwa kuuliza bei ya kiwanja hutiliwa shaka, na wenyeji wana kila sababu ya kufanya hivyo.

Kwa mwekezaji, swali la kwanza basi haliwi ni faida kiasi gani itapatikana, bali ni nani atakayebaki na mali hiyo kusi itakapoanza kuvuma na mgeni atakapokuwa amekwenda zake. Mradi unaoweza kulijibu swali hilo mbele ya mkutano wa kijiji, huko Kiunga au Sangailu, ndio unaostahili kuanzishwa.